Kadi Mbili, Luku Moja

"Soma mwenyewe, si una macho," Mama Shilinde alisema, akinisogezea lile boksi mpaka karibu na pua. "Hapo pameandikwa ngapi?"

"Mia tano," nikasema.

"Mia tano za nini?"

"Wati. Lakini sikiliza kwanza, mama, hiyo siyo..."

"Friji yangu nyuma imeandikwa mia na ishirini. Mia na ishirini, Careen. Na kila mwezi mimi ndiye ninayetoa hela ya luku kuliko watu wote humu ndani, na sijawahi kulalamika."

"Hujawahi?" Theodori alidakia, ameinama anaifuta matope pikipiki yake ya abiria. "Mama, wewe unaanza kulalamika hata umeme haujanunuliwa."

"Nyamaza wewe. Una taa moja na chaja."

"Ndiyo maana nina amani."

Nilikuwa na mswaki mkononi, povu mdomoni na kanga ya kulalia, na nyumba nzima ilishatoka milangoni. Nyumba yetu hapa Lipangalala ina milango minane na ua mmoja. Mtu akipandisha sauti kidogo tu, milango yote inafunguka kama upepo umepita. Siku nyingine mimi ndiye wa kwanza kutoka. Penye maneno sikosi, na kama sijayasikia vizuri naomba yarudiwe. Asubuhi ile maneno yalikuwa yangu. Ndipo nikajua kwamba utamu wa maneno unategemea umesimama upande gani.

Boksi lenyewe nililitupa mwenyewe kwenye shimo la taka. Mama Shilinde akaliokota, alitaka kupangia chupa zake za mtindi. Ndani hamkuwa na kitu. Kilichokuwemo kilikuwa chumbani kwangu, chini ya kitanda, kimefunikwa na shuka: pawa saplai ya kompyuta, ile sehemu inayopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa wenzake.

Bibi Kandida, mama mwenye nyumba, alitoka akifunga kilemba. Mpogoro wa Mahenge yule, mjane, hapigi kelele hata siku moja, na ndiyo maana tunamwogopa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Leta hilo boksi."

Akavaa miwani yake iliyofungwa uzi nyuma ya kichwa, akasoma upande mmoja, akageuza, akasoma upande wa pili.

"Mia tano," akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba. "Hiki kidude kinawaka saa ngapi kwa siku?"

"Jioni tu, bibi. Saa mbili hivi. Tatu."

"Cha nini?"

"Kompyuta, bibi. Ya gemu."

"Gemu."

"Ndiyo, bibi. Hata watu wazima wanacheza."

"Rabia naye alisema ni la kuchemshia chai tu," Bibi Kandida akasema.

Hapo nikatema povu. Ngoja niwaeleze kuhusu Rabia, maana asiyejua habari ya Rabia hawezi kujua niliogopa nini.

Nyumba yetu ina luku moja. Milango minane, mita moja, na kila mwisho wa mwezi Bibi Kandida anagawa hela ya umeme kwa sheria yake mwenyewe: anapita chumba kwa chumba na miwani yake, anageuza kila kifaa, anasoma wati zilizobandikwa nyuma. Mwenye taa na simu anatoa kidogo. Mwenye tivii anaongeza. Mwenye friji anatoa zaidi. Pasi zina fungu lao kwa sababu zinawaka mara moja moja. Sheria hiyo imetulia miaka, hakuna aliyewahi kusema ameonewa, na nyumba nyingine za mtaa huu watu wanakatana macho kwa sababu ya luku. Rabia alikaa chumba cha pembeni. Akanunua jiko la umeme la koili, akalificha nyuma ya pazia, na stika ya nyuma akaibandua. Ulikuwa mwezi wa mvua, waya za nyumba ni za zamani, jiko likawaka pamoja na friji na pasi ya mtu, swichi kubwa ikashuka usiku na hakuna aliyejua mpaka asubuhi. Mama Shilinde alimwaga ndoo mbili za maziwa yaliyoharibika mbele ya mlango wa Rabia. Mwisho wa mwezi Rabia alikuwa anapakia godoro kwenye guta.

"Kesho jioni watu wakirudi," Bibi Kandida alisema, "tutakaa hapa uani, tutaamua. Kama kinakula mia tano kila jioni, Careen, mimi siwezi. Utatafuta pa kukipeleka." Akanirudishia boksi. "Na ukipata pa kukipeleka, nenda nacho."

Milango ikafungwa mmoja mmoja. Theodori akawasha pikipiki, akanipita, akaninong'oneza, "Pole, dada wa mia tano." Mpaka saa nne asubuhi jina hilo lilikuwa limefika Kibaoni, kwenye kibanda changu cha uwakala. Mteja wa kwanza alikuja kutoa pesa akaniita hivyo hivyo.

Mnaweza kuniuliza, mwanamke mzima, wakala wa pesa, gemu ya nini. Mama yangu aliniuliza hivyo hivyo kwa simu kutoka Mlimba. Ilianza kwa Fulgensi, fundi wa kompyuta na redio pale karibu na soko. Mvua ilininyeshea nikajibanza dukani kwake. Alikuwa amemaliza kutengeneza kompyuta ya mtu, anaijaribu kwa gemu ya magari, akaniambia kaa ushike. Nilishika. Nikaingiza gari mtoni mara tatu, na watu waliokuwa wamejibanza wakaanza kupiga kelele, huyu ananielekeza kushoto, yule kulia, mama mmoja mwenye tenga la samaki ananiambia punguza mwendo mwanangu, kuna kona. Mvua ilikatika na hakuna aliyeondoka. Nikawaza: kitu kama hiki kingekuwa chumbani kwangu, chumba kisingekuwa na nafasi ya kuweka mguu. Nami napenda chumba cha namna hiyo. Nyumba isiyo na watu inanipa homa.

Kununua iliyokamilika sikuweza hata kwa ndoto. Fulgensi akasema tutaiunda wenyewe, kipande kwa kipande, kadiri hela inavyopatikana. Ndipo nikaingia kwenye dunia ya wasiwasi. Maana kila kipande kina ndugu yake wa bei nafuu, na kila ndugu wa bei nafuu ana siri. Kuna kompyuta za ofisi za mtumba, bei nzuri, lakini Fulgensi alizikataa: pawa saplai zake ni ndogo na zina umbo la peke yake, ukitaka kuongeza nguvu huna pa kuongezea. Akanichagulia bodi ya kawaida ya kushikilia wenzake, RAM za kumbukumbu vipande viwili, na prosesa, ubongo wenyewe, yenye uwezo mdogo wa picha ndani yake, ili mashine iwake hata kabla sijapata kadi ya picha. Kasha tulipata lililobonyea pembeni, tukalinyoosha kwa nyundo. Mahali pote aliniambia bana, bana, bana. Isipokuwa mahali pamoja.

"Kwenye pawa saplai usibane," alisema. "Sehemu nyingine ikifa inakufa peke yake. Hii ikifa, inaondoka na wenzake."

Basi sikubana. Nikachukua nzuri, ya mia tano, ikaja kwa basi kutoka Morogoro. Na ndiyo hiyo iliyonipeleka mbele ya Bibi Kandida.

Kilikuwa kimebaki kipande kimoja tu, kadi ya picha, ile inayofanya gemu yenyewe ionekane. Na siku zile zile kuna kijana wa Dar, Bryson, anayeuza vifaa vya mtumba, alikuwa ameniwekea mbili nichague. Bei moja. Ya kwanza kubwa, feni mbili, ilishafanya kazi kwenye chumba cha gemu cha mjini. Ina nguvu, gemu zote inacheza, lakini inataka waya wake wa peke yake kutoka kwenye pawa saplai, na inakula. Ya pili fupi, feni moja, haijatumika sana; inajitegemea kwa umeme wa bodi, haili sana, ila gemu kubwa utazicheza kwa kupunguza urembo, majani yawe machache na maji yasing'ae. Hela yangu ilitosha moja, na hakuna ya kurudia. Kwenye kundi letu la WhatsApp nilikuwa nimeshauliza, na wote, hata wasiojua kompyuta ni nini, walijibu: kubwa.

Bryson akatuma ujumbe wa sauti nikiwa namhesabia mteja pesa. "Dada Careen, habari ya asubuhi. Sasa kuna jamaa hapa anaitaka ile kubwa. Nimemwambia ina mwenyewe. Lakini dada, mpaka kesho jioni, mzigo upande basi la usiku, baada ya hapo mimi sina la kumwambia."

Nikampa mteja pesa zaidi. Bahati yangu alikuwa katekista, akazirudisha.

Nilifunga kibanda mapema nikaenda kwa Fulgensi.

"Nibadilishie," nikamwambia. "Nitafutie ya mia mbili. Yoyote. Hata ya bati."

"Ya mia mbili ukiiwekea kadi kubwa nitakuja kukuzima na mchanga."

"Basi nifanyeje? Kesho natolewa kwenye nyumba."

Alikuwa na redio ya mtu mbele yake, tumbo wazi, akaweka bisibisi chini. "Mia tano siyo inachokula. Ni inachoweza kutoa kikihitajika. Wewe una sufuria la kupikia msiba, si ndiyo? Kwani ukilitia kilo mbili za mchele, wali unakuwa wa watu mia?"

"Mwambie hivyo Bibi Kandida."

"Bibi Kandida anasoma stika."

"Ndiyo."

Akafikiri, akakuna shingo. "Basi tumpe stika. Nina printa hapa. Nitakuchapia nyingine, mia na hamsini, tuibandike juu ya ile ya zamani, hata Wachina wenyewe hawatajua."

Sitawadanganya, nilitamani. Nilimwambia achape. Alichapa. Ilikuwa nzuri kabisa, na alama ya umeme pembeni. Nikaishika kwa ncha za vidole njia nzima ya kurudi. Kila nikipita mlango wa mtu ninayemjua nilihisi ameiona. Nikawa nawaza ukucha wa Bibi Kandida, ule ukucha wa kidole gumba anaokwangulia kona za stika toka siku ya Rabia. Nikawaza pia mambo ya baadaye: nyumba yenye milango minane, siri inakaa wiki ngapi? Mimi mwenyewe siri za wenzangu zinanikaa siku moja, tena nikiwa na malaria. Nilipofika mtaroni kabla ya nyumba nikaikunja, nikaitumbukiza kwenye maji ya mvua. Nilipoingia uani nilikuwa sina stika, sina jibu, na Mama Shilinde alikuwa anasuuza ndoo, hakunitazama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema, akiiambia ndoo.

Usiku ule sikupata usingizi wa maana. Mvua ilipiga bati, na kila radi ilipopiga nilisikiliza kama friji ya jirani bado inanguruma. Ukuta wetu ni mmoja. Zamani ngurumo ile ilikuwa inanikera. Usiku ule niliikamata kama mtu anayesikiliza pumzi ya mgonjwa.

Asubuhi nikampigia Fulgensi. "Njoo jioni na vifaa vyako. Hatutawasomea stika. Twende tukawaonyeshe mita yenyewe."

"Mita haina huruma, dada. Inaweza ikakusaliti."

"Najua."

Kwenye mita zetu kuna kitaa chekundu kidogo kinachopepesa. Umeme ukitumika sana kinapepesa haraka, ukitumika kidogo kinapepesa polepole. Kila mtu wa nyumba yetu anakijua. Bibi Kandida mwenyewe akipita usiku hukiangalia. Ila hakuna aliyewahi kufikiria kuzima nyumba nzima na kukiuliza swali.

Jioni watu wakarudi, na kwa kuwa habari yangu haikuwa na mlinzi, wakaja na wa nyumba za jirani. Wengine walibeba stuli zao. Mawingu yalikuwa mazito upande wa milima ya Udzungwa, na giza lilitangulia kuliko saa yake. Niliposema lazima tuzime kila kitu, macho yote yalikwenda kwa Mama Shilinde.

"Na friji?"

"Na friji, mama. Kidogo tu."

"Ndoo tatu zimo humo. Za oda ya harusi."

"Dakika chache," Fulgensi akasema. "Usifungue mlango wake, ubaridi utakaa."

Alisimama pale akipangusa mikono iliyokwisha kukauka. Kisha akaingia ndani, tukasikia ngurumo inakatika, na nyuma yake vyura wa kwenye mashamba ya mpunga. Sikujua kama kuna mtu anaweza kunitazama kwa hofu namna ile, hofu ya kwamba mimi nitamfanyia kitu. Nilitamani kumwambia basi, rudisha, nimeacha. Badala yake nikamwashiria Fulgensi aanze.

Fulgensi alianza na pasi ya Theodori. Kitaa kikachachamaa, kikawa kama kimeshikwa na degedege.

"Mwizi huyo," mtu akasema.

"Mnaniaibisha hadharani," Theodori akasema. "Mimi napiga shati moja la kanisani."

Kisha tukasubiri kidogo, fundi akaruhusu friji iwashwe, ili tuione peke yake. Kikapepesa kwa utaratibu, mtu anaweza kutembea kwa mwendo ule. Bibi Kandida alikuwa amesimama karibu kabisa na mita, anahesabu kwa midomo. Friji ikazimwa tena. Ikafika zamu yangu.

Tuliitoa mashine mpaka mlangoni ili watu waone hakuna waya mwingine uliojificha. Ile nambari ya mia tano ilikuwa inawaangalia watu wote, sikuibandika kitu. Nikabonyeza.

Haikuwaka.

Nikabonyeza tena. Hakuna. Mtu akacheka kidogo, mwingine akamwambia shii.  Miezi yote ile, vocha zote nilizouza, karanga za mchana badala ya wali, ndiyo vimefia hapa mbele ya stuli za watu. Fulgensi akainama nyuma ya kasha, akagusa kaswichi kadogo.

"Tulikuwa hatujaifungua," akasema.

Feni ikazunguka. Kioo kikawaka. Tukageuka wote kwa pamoja kwenye mita, na kitaa kikakaa. Kikakaa. Nikadhani kimekufa. Kikapepesa mara moja, kikapumzika tena.

"Hiyo ndiyo mia tano?" Theodori akauliza. "Mbona ina usingizi?"

Watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka kuliko wote, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu, mpaka machozi yakanitoka. Bibi Kandida alihesabu kwa muda mrefu kuliko alivyohesabu friji, akarudia, akavua miwani.

"Haifikii hata nusu ya friji," akasema. "Nilisoma kitu kingine."

Kwa Bibi Kandida hilo ni kama mtu mwingine kupiga magoti. Ningeweza kuishia hapo. Watu walishaanza kubeba stuli.

"Careen," Mama Shilinde akasema. Hakucheka hata kidogo. "Nasikia kuna kadi unaisubiri. Hiyo kadi mbona haimo?"

Stuli zikarudi chini.

Ni mimi niliyemwambia. Siyo yeye peke yake, niliuambia mtaa mzima, wiki nzima, kadi itakuja kadi itakuja. Simu ikatetemeka mfukoni. Nilijua ni nani bila kuitoa. Fulgensi akanitazama, na kwa macho tu akaniambia, sema itaongeza kidogo, nani atajua. Na kweli nani angejua? Mashine ingekaa chumbani, hela ningetoa, na swichi ingeshuka usiku mmoja wa mvua bila mtu kujua ni ya nani.

"Kuna mbili," nikasema. "Moja kubwa. Gemu ikipamba moto, mashine itakula kama friji yako mara mbili. Nyingine ndogo. Hiyo itakuwa kama friji moja, au pungufu kidogo."

"Na unataka ipi?"

"Kubwa," nikasema, maana ndiyo ilikuwa kweli.

Fulgensi akapanda kwenye stuli, akamulika tochi juu, pale waya za nyumba zinapoingilia, akashuka. "Waya hizi zimechoka. Friji, pasi na kadi kubwa kwa pamoja, mimi siwezi kuwaapia. Ndogo, sawa."

"Nitakulipisha kwa mita siyo kwa stika," Bibi Kandida akaniambia. "Ukiwa friji mbili, utalipa friji mbili. Kukufukuza sikufukuzi, hukuficha. Waya nitabadili Mungu akinijalia mavuno. Si mwaka huu."

Nilimgeukia Mama Shilinde. Nilitegemea aseme hapana. Angesema hapana, ningemkasirikia, na kazi ingekuwa rahisi.

"Mimi sikukatazi," akasema. "Hela ni yako, umeitafuta kwa jasho. Nakuomba tu siku ukiwasha, unigongee ukuta, nijue usiku huo nisilale."

Fulgensi akasema friji isubiri kidogo kabla ya kuwashwa, mota ikirudishwa haraka inaweza kuungua. Basi tukasubiri. Watu hawakuondoka, lakini waliacha kuongea na mimi, walianza kuongea wao kwa wao, bei ya mbolea, daraja, harusi ya Jumamosi. Matone ya kwanza yakaanguka kwenye bati. Nilitoa simu. Bryson alikuwa ametuma sauti tatu. Nikaweka sikioni.

"Dada, jamaa yuko hapa. Ana hela mkononi."

"Dada Careen?"

"Dada, basi linapakia. Niambie neno moja tu."

Nikafungua mahali pa kuandika. Niliona lile gari, vile maji yanavyong'aa ukiwa na kadi kubwa, mto unaofanana na Kilombero wakati wa jua la jioni. Niliona watu wamejaa chumbani, wengine dirishani. Kisha nikajaribu kuwaona wamejaa chumbani na Mama Shilinde upande wa pili wa ukuta amekaa kitandani, taa imezimwa, anasikiliza. Sikuweza kuwaweka wote kwenye picha moja.

Nikaandika: Ndogo.

Jibu lilikuja kabla sijashusha simu. "Sawa dada. Ila utajuta." Likafuatia lingine: "Ile kubwa ameshachukua."

Haikupita hata dakika. Nilihisi kama mtu aliyefungua mkono kuonyesha kitu, ndege akakinyakua. Nilikaa kwenye kizingiti. Sikujua kama nimefanya vizuri, na mpaka sasa siwezi kusema kwamba najua. Fulgensi alikuwa anakunja waya zake bila kuniangalia. Yeye alikuwa anaitaka ile kubwa kuliko mimi.

"Ipi?" Bibi Kandida akauliza.

"Ndogo, bibi."

Akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani kwake. Theodori akasema, "Dada wa friji moja," lakini kwa sauti ya chini, na hakuna aliyecheka, naye akaenda kuingiza pikipiki isinyeshewe.

"Sasa," Fulgensi akamwambia Mama Shilinde. "Washa."

Akaingia. Tulisikia kitufe. Hatukusikia kingine. Mvua ilikuwa imeanza kushika bati, nikasimama, nikasogea mpaka mlangoni kwake. Nikamwona ameweka kiganja ubavuni mwa friji kama mtu anayepima joto la mtoto.  Nilianza kuhesabu harusi ya watu, ndoo tatu, uso wangu nitauweka wapi. Nikasema kimoyomoyo maneno ambayo hata kanisani huwa sisemi kwa nguvu ile.

Ikatikisika. Ikakohoa. Ikanguruma.

Mama Shilinde aliacha mkono pale pale kwa muda, mpaka akaridhika. Kisha akafunua sufuria jikoni kwake pembeni, mvuke ukapanda, ulikuwa wali na kambale wa nazi. Akaanza kupakua kwenye sahani ya kwanza, akachukua ya pili. Mimi nilikuwa bado nimesimama mlangoni nalowa mgongo.

"Umekula wewe?" akauliza.

"Bado."

"Toka asubuhi?"

"Toka jana, mama."

"Mwite na fundi wako, kabla mvua haijamla," akasema, akasogeza ndoo tupu na mguu ili nipate pa kukaa. "Ingia. Nawa mikono tule."